Sura ya Sita: Khanga za Sandukuni na Mkasi

Swali hili huzuka karibu kila mara jamaa wanapogawana vitu vya marehemu. Sanduku limefunguliwa, na ndani mna khanga za miaka na miaka: nyingine doti nzima ambazo hazijawahi kuvaliwa, nyingine zimebaki upande mmoja, nyingine ukizikunjua tu zinaachia mikononi. Binti mmoja anataka wagawane kama zilivyo. Wa pili ameona mahali blanketi la viraka vya vitambaa vya zamani, na anataka nao washone moja liwe kumbukumbu ya mama. Wa tatu hataki kusikia habari ya mkasi. Kwake yeye, kuzikata ni kumkosea adabu mwenyewe. Basi zikatwe, au zisikatwe?

Wote watatu wana hoja, lakini nadhani wanabishana juu ya jambo ambalo lilishaamuliwa zamani. Khanga haifi ikiwa nzima. Ikichakaa hukatwa: kipande kinakuwa nepi ya mtoto, kingine ngata ya kubebea ndoo kichwani, kingine cha kuepulia sufuria jikoni, na cha mwisho ni tambara la kudekia. Mama aliyeacha sanduku hilo alizikata zake nyingi kwa mikono yake, wala hakuona kwamba anatenda kosa. Kwa hiyo mkasi utapita tu. Lililobaki mikononi mwetu ni kuamua upite wapi, na vipande viende wapi. Nitakalotetea katika sura hii ni kwamba, kati ya njia zote za kukata khanga, kuishonea mfarishi ndiyo njia inayoihifadhi, mradi mkasi ufuate uchakavu. Palipokufa pakatwe, palipo hai paachwe, na isiyochakaa isiguswe.

Maneno ya kukubaliana kwanza

Khanga ina sehemu tatu ambazo kila mvaaji anazijua hata kama hazitaji. Pindo ni fremu inayozunguka nguo nzima pande zote nne. Mji ni eneo la katikati lenye ua, embe, korosho au umbo lolote lililochorwa. Jina ni yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji: methali, kijembe, dua au salamu. Khanga moja huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110, na huuzwa mbili zikiwa zimeshikana. Hizo mbili ndizo doti. Mombasa na Lamu wengi husema leso, na katika sura hii maneno hayo mawili ni kitu kimoja.

Mfarishi ni neno la zamani ambalo wengi wetu tumeliacha na kuanza kusema “blanketi la viraka”. Ni tandiko au shuka nzito ya kujifunikia, iliyotengenezwa kwa matabaka ya kitambaa yaliyoshonwa pamoja. Juu huwa na uso unaoonekana, chini huwa na bitana, yaani kitambaa cha ndani cha kushikilia, na katikati huwekwa kitu cha kuupa uzito. Kupiga bandi ni kushona kwa mkono mishono myepesi inayoingia na kutoka, ya kushikiza vitambaa kabla ya kushona kwenyewe. Na bafta ni pamba nyembamba nyeupe isiyo na maua, ile ambayo mafundi huitumia kwa bitana. Tutaihitaji sana.

Nguo iliyozaliwa kwa kuungwa

Anayesema kwamba kukata na kuunga ni kuivunjia khanga heshima anasahau jinsi khanga ilivyopatikana. Simulizi inayokubalika zaidi inasema hivi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara walileta pwani vitambaa vya mkononi vilivyochapwa maua, vikiwa bado mfululizo mmoja havijakatwa. Jina la leso lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha aina hiyo, lenço. Wanawake wa Unguja na Mombasa hawakuvitumia kufutia jasho. Walinunua sita kwa mpigo, wakakata mara moja katikati, wakaunganisha safu mbili za vitatu vitatu, wakapata nguo pana ya kujifunga. Baadaye wenye maduka walipoona mtindo umeshika, wakaagiza nguo ichapwe nzima kwa ukubwa huo. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwepo kiwanda chochote cha khanga palikuwa na mwanamke mwenye mkasi, sindano, na jicho la kujua kipande gani kikae karibu na kipi.

Jina liliingia baadaye. Anayetajwa zaidi katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa watu kama Abdulla. Khanga zake zilibeba herufi K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”, na mpaka leo mtu akiyaona pembeni mwa khanga anajua ameshika kitu cha ukoo mrefu. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha hati za Kirumi zikachukua nafasi. Nguo yenyewe ilisafiri kuliko wavaaji wake: ilichapwa India, Ulaya na Japani, na baada ya uhuru ikaanza kuchapwa nyumbani, Tanzania kwenye viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968, Kenya kwenye viwanda kama Rivatex cha Eldoret. Ndiyo maana sanduku la mama mmoja linaweza kubeba habari ya biashara ya bahari nzima ya Hindi, na ndiyo maana pia nasema lisishughulikiwe kwa pupa.

Sandukuni si salama kama tunavyodhani

Hoja ya binti wa tatu, kwamba ziachwe zilivyo, inaegemea imani kwamba kitu kisichoguswa hakiharibiki. Pamba haiko hivyo. Khanga iliyokunjwa mara nne na kukaa chini ya nyingine miaka 20 huchoka palepale penye kunjo, kwa sababu nyuzi zile zimepindwa bila kupumzika. Siku ikikunjuliwa, hupasuka kwa mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Khanga mpya ina wanga uliotiwa kiwandani ili ionekane ngumu na kung’aa. Ikihifadhiwa bila kufuliwa, wanga huo ni chakula cha wadudu. Hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu ukifungiwa huzaa kuvu, yale madoa meusi madogo kama mbegu za ufuta ambayo hayatoki. Mbao za sanduku nazo hutoa asidi polepole, ndiyo ile rangi ya chai unayoiona kwenye nguo iliyogusa ubao.

Zipo dawa za haya yote. Khanga inaweza kufuliwa wanga utoke, ikaviringishwa badala ya kukunjwa, ikafungwa ndani ya bafta iliyofuliwa, na kutolewa ipunge hewa kivulini mara mbili kwa mwaka. Anayeweza kufanya hivyo kwa khanga 30, mwaka baada ya mwaka, afanye, na asikubali mtu amletee mkasi. Lakini tuseme kweli: nyumba nyingi haziwezi. Nafasi haipo, na mwenye kujali akiondoka, anayebaki anaona mzigo tu. Uamuzi wa kutofanya lolote una mwisho wake, nao mara nyingi ni jalalani.

Kwa ufupi mpaka hapa:

- Kuunga vipande ni asili ya khanga yenyewe.
- Kuiacha khanga sandukuni bila matunzo ni kuichakaza taratibu.
- Kwa hiyo swali la kweli ni khanga ipi ikatwe, na ikatwe wapi.

“Lakini hiyo ni maandishi”

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wenye huruma bali kwa wenye kumbukumbu. Wanasema khanga ni maandishi yanayovaliwa. Mtu hakati barua ya bibi yake ili apate karatasi ya kufungia karanga. Kwa nini akate jina la khanga? Khanga za Afrika Mashariki zimewekwa katika makumbusho makubwa, ikiwemo British Museum ya London, kwa sababu zinaeleza watu walisemaje, walipendaje, walisutanaje, na walisherehekeaje mambo ya nchi. Ukizikata umefuta.

Nakubaliana na pingamizi hili karibu lote, na ndilo linalonipa kanuni ya kwanza: jina halikatwi katikati. Sababu si uzuri tu. Chukua jina maarufu, *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Mshonaji asiye makini akipima mraba wake kwa kuangalia ua la mji, mkasi ukapita baada ya silabi ya pili, kipande kinabaki kinasema *safirie nyota ya mwenzio*. Onyo limegeuka kuwa amri ya kufanya kile kilichokatazwa. Kiswahili hubeba ukanushi wake mwanzoni mwa kitenzi, kwenye kipande kidogo tu cha neno, na mkasi haujui sarufi. Jina litoke kama ukanda mmoja mrefu, mwanzo mpaka mwisho, au libaki kwenye khanga yake.

Pingamizi hilo linanipa pia orodha ya khanga ambazo kwa maoni yangu hazishonewi mfarishi kabisa, hata kama zimetoboka hapa na pale:

- Doti nzima ambayo haijakatwa tangu ilipotoka dukani.
- Khanga yenye jina la hati za Kiarabu, au alama ya mtengenezaji ambayo bado inasomeka pembeni.
- Khanga ya tukio, iwe ya uhuru, ya uchaguzi au ya msiba wa taifa. Ile ya mwaka 2008 ya kumpongeza Barack Obama imeshaingia kundi hili.
- Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayoambatana na harusi, endapo katika ukoo yupo ambaye atakuja kuivaa.

Ninapoachana na wenye pingamizi ni pale wanapoifanya kanuni hii iwe ya khanga zote. Maandishi yaliyochapwa kwa maelfu na kuvaliwa mpaka mji ukawa kama wavu hayafanani na barua ya mkono. Khanga ya namna hiyo, jina likishapigwa picha na ukanda wake kuokolewa, imeshatoa ushuhuda wake kama maandishi. Kilichobaki ni kitambaa alichokivaa mtu, na hicho nacho kina haki ya kutunzwa kwa njia inayokifaa.

Kiraka na aibu yake

Lipo pingamizi jingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Kiraka, kwetu, kimekuwa alama ya shida. Mtoto mwenye kaptula ya viraka alichekwa shuleni, na mtu mzima hataki mgeni akute viraka juu ya kitanda chake. Aibu hiyo ni ya kweli, lakini haina mizizi mirefu kama tunavyodhani. Wafuasi wa Mahdi wa Sudan, miaka ya 1880, walivaa kanzu zenye viraka kwa makusudi, kutangaza kwamba wameachana na anasa. Kadiri miaka ilivyokwenda, viraka vile vikapangwa kwa ulinganifu na kushonwa vizuri, vikawa sare yenye fahari. Kiraka ni kilekile. Kilichobadilika ni anayekishona na analotaka kusema.

Mfano unaotuhusu kwa karibu zaidi uko ng’ambo ya bahari. Katika misitu ya jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wakipitia Goa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi kwa kutumia sari na nguo za nyumbani zilizochakaa. Hawaanzi katikati wala hawatengenezi miraba iliyopimwa. Huanza pembeni, wakaweka kiraka, wakapiga mishono ya mkono, wakaweka kingine kikipanda kidogo juu ya kile, wakizunguka kuelekea katikati mpaka uso wote ujae. Mwishoni, kila pembe hupachikwa kitambaa kidogo kilichokunjwa pembetatu, kiitwacho phula, na mfarishi usio na hizo huonekana haujavishwa. Sidai kwamba ufundi huo ulitoka Afrika. India ina mila zake za kale za kushona nguo kuukuu pamoja, kama kantha ya Bengali. Ninachodai ni kwamba watu wa asili yetu, walipokuwa na nguo zilizochakaa na baridi ya usiku wa msituni, waliona kiraka kuwa kitu cha kumfunikia mtoto na cha kupendeza, wala si cha kuficha.

Na upo mfarishi mmoja wa Marekani unaojibu hoja ya adabu kwa marehemu kuliko maneno yoyote. Gee’s Bend ni kijiji cha Alabama, cha wazao wa watumwa waliolima pamba, na mifarishi ya wanawake wake ilionyeshwa katika makumbusho makubwa ya nchi hiyo tangu mwaka 2002. Mmojawapo ulishonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway baada ya kufiwa na mumewe. Alichukua nguo za shamba za marehemu, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua na jasho, akazikata akashona mfarishi wa kujifunikia. Vipande vimeachwa na rangi zao zisizolingana: mahali palipokuwa na kiraka cha goti pana weusi zaidi, mahali palipopigwa na jua pameparara. Hakuna anayeutazama akaona utovu wa adabu. Mkono wake ulikata nguo ileile uliyokuwa umeifua miaka yote ya ndoa.

Mkasi ufuate uchakavu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hoja hii isipoonekana kwenye meza ya kukatia ni maneno matupu. Kabla ya yote piga picha kila khanga ikiwa imetandazwa nzima, na uandike ilikuwa ya nani, jina lake, na alama yoyote ya pembeni. Kisha jaribu rangi, hasa nyekundu na nyeusi: bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu yake kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, khanga hiyo ifuliwe peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe, la sivyo itachafua mfarishi mzima siku ya kwanza utakapofuliwa. Usikamue. Tandaza kivulini.

Halafu inua khanga mbele ya dirisha. Huu ndio wakati wa kuamua, na unahitaji utulivu. Utaona ramani ya maisha ya nguo: mji umepwaya pale palipokaliwa, mwanga unapita kama kwenye chekecheke, mapindo ya kando bado mazito, na kwenye pembe moja, ukitazama kwa karibu, nyuzi zimejisokota na haziwezi kunyooka hata kwa pasi, kwa sababu hapo ndipo zilipofungwa fedha za sokoni kwa miaka. Pengine pana doa dogo la kutu la pini. Palipopita mwanga kama chekecheke pamekufa; hapo mkasi upite. Pembe ya fundo haitupwi hata kama imechoka. Ikatwe kwa upana wa kiganja, ishikizwe kwenye bafta ya ukubwa uleule kwa kupiga bandi, na kuanzia hapo ihesabiwe kuwa kitambaa kimoja. Vivyo hivyo kwa kila kipande dhaifu: bafta nyuma, kwa sindano, kamwe si kwa gundi, kwa maana gundi hukauka na kuvunja nyuzi.

Tumia uzi wa pamba usio mgumu kuliko kitambaa, ili siku mfarishi ukivutwa kukatike uzi, ambao unaweza kushonwa tena. Kwa vitambaa vilivyochoka nashauri mkono kuliko cherehani. Mkono husikia kitambaa kinapokataa, cherehani hakisikii. Wala usijaze sponji katikati kwa kuiga mifarishi ya nchi za baridi. Dar es Salaam au Tanga atakayejifunika mfarishi wenye sponji atautupa usiku wa manane. Shuka kuukuu ya pamba inatosha kuwa tabaka la kati.

Katika kupanga, mapindo yakae pembeni, maana ndiyo kazi yao, na majina yapangwe pande zote nne, kila moja likisomeka kwa anayesimama upande wake, kama yanavyosomeka kwa anayemfuata nyuma mwanamke njiani. Wanaotaka kugawana wasishone mmoja wakaugombania. Khanga ishirini zilizochakaa zinaweza kutoa mifarishi minne midogo, kila mmoja ukiwa na kipande kutoka khanga zote ishirini. Hapo mkasi unafanya ambalo kugawana khanga nzima nzima hakuwezi: kila binti anarithi nguo zote za mama, na hakuna anayebaki akijiuliza kwa nini ile ya bluu ilikwenda kwa mdogo wake.

Nyuma, kwenye pembe moja ya bitana, shona kipande cheupe cha bafta. Kitarizi kwa uzi mweusi jina la mwenye khanga, mahali alipoishi, waliozishona na mwaka. Wino hufifia, uzi hudumu zaidi. Zile khanga ambazo jina lao halikuweza kuokolewa, majina yao yatariziwe hapo pia. Na makombo yatakayobaki mezani, vile vipande vyembamba visivyotosha hata upana wa vidole viwili, vitandazwe katikati ya matabaka, juu ya shuka na chini ya uso, kisha mishono ipite juu yake.